Unataka Batian Agosti? Uliza kwanza jua liko upande gani!

Kama mfuko ndio umetoboka basi tuko wengi, maana mwezi huu una kona kuliko barabara ya Lushoto.

Leo safu hii inapanda mlima. Usicheke, na usifungue ukurasa wa michezo kwanza. Nimepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa Moshi, naye anaandika hivi: "Kaka, tuko wanne, wote tumeshafika kilele cha Uhuru, wawili wetu mara mbili. Tumechoka kutembea, sasa tunataka kupanda mwamba wenyewe. Mwezi wa nane tunakwenda Kenya kupanda Nelion, halafu tuunganishe Batian. Njia tumeshachagua, ile ya kusini mashariki, maana tumesikia ndiyo rahisi. Pesa ipo. Tupe baraka zako."

Baraka nitatoa, mdogo wangu, lakini si leo. Kwanza tuongee, maana hapo kwenye barua yako kuna maneno mawili ambayo yakikaa pamoja yanagombana: "mwezi wa nane" na "kusini mashariki". Na kuna neno la tatu ambalo hukuliandika kabisa, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Tutafika huko.

UHURU NI MIGUU, BATIAN NI MIKONO

Wengi wetu Wabongo tukisikia mlima tunafikiria Kilimanjaro. Meta 5,895, unatembea, unatapika kidogo, unafika, unapiga picha, unarudi Moshi kula ndizi. Kazi kubwa kweli, sikatai, lakini ni kazi ya miguu na mapafu.

Mlima Kenya ni habari nyingine. Una vilele vitatu vinavyotajwa sana, na vyote vina majina ya Kimaasai. Batian ni meta 5,199, Nelion meta 5,188 na Lenana meta 4,985. Lenana mtu yeyote mwenye afya na koti zito anafika kwa kutembea. Ndipo Kisoi Munyao alipopeleka bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Kutoka Lenana hadi Batian tofauti ni meta 214 tu. Ukisikia hivyo unasema, ah, si kitu!

Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Hizo meta 214 hazitembeleki. Batian na Nelion ni miamba mitupu iliyosimama wima kama ukuta. Unafungwa kamba, mwenzako anakushikia chini, unapanda mpaka kamba iishe, unajifunga kwenye mwamba, unamshikia naye apande. Hiyo ndiyo "kamba moja". Njia ya kawaida ya Nelion au ya Batian inakula kamba karibu ishirini za namna hiyo. Hapo wingi wa vyeti vyako vya Uhuru hausaidii kitu. Ni kama dereva wa trekta kuomba kazi ya urubani kwa sababu naye anajua usukani.

JUA NDILO LENYE RATIBA

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo linaloamua kila kitu. Mlima Kenya uko pale pale karibu na mstari wa ikweta. Ulaya mlima una majira ya joto na majira ya baridi, upande wote kwa pamoja. Mlima Kenya una majira yote mawili kwa wakati mmoja, kila upande na lake!

Namna gani? Kati ya Juni na Septemba jua linakuwa limehamia kaskazini. Basi miamba ya kaskazini inaota jua, inakauka, inapandika. Upande wa kusini wakati huo umelala kivulini, na nyufa ambazo ungetia vidole zinajaa theluji na barafu. Ikifika mwishoni mwa Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, mambo yanageuka: kusini kunakauka, kaskazini kunaganda. Katikati hapo kuna masika na vuli, ambapo pande zote zinalowa na mwenye akili anabaki mjini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Agosti na kusini mashariki ni sawa na kupanda gari la Mbagala huku unakwenda Mwenge. Gari zuri, konda mcheshi, muziki mzuri, lakini huko siko. Wapo watu wanaoipanda njia hiyo hata Agosti, nakubali, lakini ni watu wanaojua barafu na wanaojua kugeuza. Njia "rahisi" ni rahisi katika mwezi wake.

Mpango mzuri basi unakwenda kwa mpangilio huu: mwezi unachagua upande wa mlima, upande unachagua njia, njia inachagua geti. Vijana wengi wanaanza mwishoni. Wanachagua geti kwa sababu kuna rafiki yao ana hoteli karibu, ndipo wanauliza njia, na mwezi wanachagua kwa sababu ndipo likizo ilipo.

GETI LIPI?

Ukishajua upande, geti ni rahisi. Kama ni Januari na unakwenda Nelion kwa kusini mashariki, unaingilia Naro Moru. Toka Nairobi unafuata barabara ya Nanyuki, unashuka Naro Moru kabla hujafika. Unalala kituo cha hali ya hewa, meta 3,050. Kesho yake unapita lile tope la mteremko ambalo Wazungu wameliita Vertical Bog, na wanaolipita wanaliita majina mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Unalala Mackinder's Camp, meta 4,200, kisha unapanda mpaka Austrian Hut, karibu meta 4,790. Hapo mwamba unakutazama usoni, katikati mmetenganishwa na barafu ya Lewis.

Kama ni Agosti, unapita Nanyuki, unashika njia ya Meru, unakata kuingia geti la Sirimon. Unalala Old Moses, meta 3,300, kisha Shipton's Camp, meta 4,200, chini kabisa ya ukuta wa kaskazini. Hapo inaanzia ile njia ambayo Arthur Firmin na mwenzake walikuwa wa kwanza kuipanda mwaka 1944, inayokwenda moja kwa moja Batian. Sehemu yake ngumu mpaka leo inaitwa Firmin's Tower. Ni njia ndefu, ngumu kidogo kuliko ya Nelion, na wengi wanalala juu ya mwamba usiku mmoja.

Lipo pia geti la Chogoria upande wa mashariki, kuzuri ajabu, maziwa na mabonde, lakini ni mzunguko mrefu kwa mtu aliyebeba kamba na vyuma. Huko nenda na mchumba.

Tahadhari moja kubwa: usiukimbilie mlima huu. Gari linakufikisha mbali, na watu wanatoka Nairobi leo, kesho kutwa wako meta 4,200, kichwa kinapasuka. Ukishavuka meta 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya meta 500 hivi kwa usiku mmoja, na vituo vikikulazimisha kuruka zaidi ya hapo, ongeza usiku wa kupumzika. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini ukiona mwenzako anakohoa, anahema hata akiwa amekaa, au anayumba kama katoka baa, mteremshe hapo hapo, hata kama ni usiku. Maji yakishaingia kwenye mapafu hayasubiri kilele.

VITABU VYA ZAMANI NA BARAFU YA LEO

Utakuta watu kijiweni wanakupa fotokopi ya kitabu cha miaka ya sabini, wanakwambia humu mna kila kitu. Mwamba haujahama, ni kweli. Lakini barafu imehama, tena imehama mazima.

Mwingereza Halford Mackinder na viongozi wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, ndio waliofika Batian wa kwanza, Septemba 1899. Walijaribu kusini mashariki, wakashindwa, wakabadilisha njia, wakakata ngazi kwenye barafu ngumu ya Diamond mpaka juu. Mwaka 1973 Phil Snyder na Thumbi Mathenge walipanda lile korongo la barafu chini yake, Diamond Couloir, na kwa miaka mingi wapandaji walitoka dunia nzima kuja kulipanda. Leo barafu ya chini imeyeyuka, na mara nyingi unakuta mwamba unaovuja maji na mawe yanayodondoka. Barafu ya Lewis nayo, kati ya 1934 na 2010, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake.

Maana yake nini kwako? Maana yake ni kwamba mahali ambapo kitabu kinasema "vuka theluji" unaweza kukuta kokoto zinazoteleza, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu kama saruji sasa yako huru. Tafuta mtu aliyepita pale msimu huu. Viongozi wa Nanyuki na Naro Moru wanajua, na chai moja tu inatosha kuwafungua mdomo. Fotokopi haijui mvua ya wiki jana.

WAITALIANO NA KOPO LA NYAMA

Kama unadhani wewe ndiwe wa kwanza kukosea upande, pole. Mwaka 1943 Waitaliano watatu walikuwa mateka wa vita kwenye kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Mmoja aliitwa Felice Benuzzi. Kila asubuhi anaamka anauona mlima, roho inamuuma. Wakaamua kutoroka, si kwenda kwao, la! Kwenda kupanda mlima, halafu warudi kifungoni!

Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama ya chakula cha kambini. Vifaa walifua wenyewe kwa vyuma chakavu, kamba wakazifungua vitandani. Wakafika. Wakajaribu Batian kwa upande wa kaskazini magharibi mwanzoni mwa Februari, yaani upande ule ambao mwezi ule umeganda. Theluji ikawapiga, wakageuza. Kisha wawili wao wakapanda Lenana, wakasimika bendera yao, wakarudi kambini wenyewe na njaa yao, wakapewa adhabu ya siku 28 za mahabusu, wakakaa saba tu kwa sababu mkuu wa kambi alivutiwa na uanamichezo wao.

Watu wanaisimulia habari hii kwa sababu ya ujasiri wa kutoroka. Mimi naipendea kule kugeuza. Watu wamejifungia miezi wakifua vyuma kwa siri, wamehatarisha kupigwa risasi, wamefika chini ya kilele, na bado wakasema hapana, hapa tutakufa. Ndiyo maana Benuzzi aliishi akaandika kitabu.

SAA KUMI NA MBILI TU

Sasa neno lile la tatu ambalo hukuliandika, mdogo wangu. Neno lenyewe ni "kurudi". Barua yako ina kupanda Nelion, ina kuunganisha Batian, kushuka haimo!

Kwenye ikweta mchana ni saa kumi na mbili, basi. Ulaya wakati wa kiangazi mpandaji anaona njia mpaka saa tatu usiku. Sisi saa moja jioni giza limeingia, na mlima huu una tabia ya kuamka na uso mweupe asubuhi, halafu mchana mawingu yanajifunga. Kamba ishirini kupanda, halafu unashuka kwa kamba zile zile, ukining'inia, mikono imechoka, akili imechoka. Ajali hazisubiri kupanda tu.

Januari moja nilikuwa Austrian Hut, mimi na chai yangu na darubini ya kuazima. Mimi si mpandaji wa mwamba, niseme ukweli, kazi yangu ni kutazama na kuandika. Walikuwepo wapandaji wawili wa Nairobi, dada mmoja mwalimu wa sekondari na mwenzake. Waliondoka saa kumi na moja alfajiri wakiwa wamekubaliana: ikifika saa saba mchana, popote walipo, wanageuza. Nikawaona wanapanda kama siafu wawili kwenye ukuta. Saa saba walikuwa karibu sana na kilele cha Nelion, mimi nikasema moyoni, malizieni jamani! Wakageuza. Saa tisa wingu likafunika kila kitu, nikasikia sauti zao tu zinaitana ndani ya ukungu. Saa kumi na mbili jioni wakaingia kibandani, wamelowa, jamaa amenuna mpaka mdomo umefika mezani. Nikamuuliza yule dada kama haoni uchungu. Akasema, "Uchungu niko nao, lakini Jumatatu niko na kipindi cha kwanza." Akaomba supu.

Wengine wanaofika Nelion wamechelewa wanalala pale pale juu, kwenye kibanda kidogo cha Howell Hut. Ian Howell alikijenga mwaka 1970 kwa kupandisha vipande kwa mkono, safari baada ya safari. Kibanda hicho kimeokoa watu. Lakini hakikupi chakula, hakikupi blanketi, na kutoka pale hadi Batian kuna pengo linaloitwa Gate of the Mists, lango la ukungu, linalokula saa nyingi kwenda na kurudi. Ndiyo maana wengi wanaosema "Nelion halafu Batian" wanaishia Nelion, na hakuna aibu.

NANI ATAKUJA KUKUCHUKUA?

Septemba 1970 daktari wa Austria, Gerd Judmaier, na mwenzake Oswald Oelz walikuwa wameshafika Batian. Wakati wa kuanza kushuka jiwe likaachia, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Oelz akashuka kuita watu, kisha akapanda tena kukaa na mwenzake. Waokoaji wa Kenya wakapigana na mwamba na theluji usiku na mchana. Helikopta ikaja kusaidia, ikaanguka, rubani Jim Hastings akafa. Mwisho wapandaji wa Austria wakaletwa kwa ndege toka Innsbruck. Kumshusha mtu mmoja kulichukua takriban wiki nzima. Aliishi, kwa miujiza.

Soma tena: madaktari wawili, wapandaji wazoefu, mwezi sahihi, upande sahihi. Jiwe moja. Leo kuna simu na helikopta bora, lakini kule juu hewa ni nyepesi, rubani anapata tabu, na wingu la mchana halijali una vocha kiasi gani. Mahali pa mbali maana yake ni hii: ukivunjika mguu, msaada wa kwanza ni huyo mliyefungwa naye kamba moja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, chagua mtu. Usichague anayejua kuongea kijiweni. Chagua anayejua kukushusha.

KWA NINYI WANNE WA MOSHI

Haya, jibu lenu hili hapa. Kama Agosti haibadiliki kwa sababu ya likizo, nendeni Sirimon, pandeni Lenana, teremkeni Chogoria. Mkiwa Shipton's Camp utazameni ule ukuta wa kaskazini asubuhi mpaka jioni, muone jua linafika wapi saa ngapi na mawe yanadondoka wapi. Hiyo ni shule, na ada yake ni shingo kuuma tu.

Halafu kabla ya kugusa Nelion, kajifunzeni kamba chini kwanza. Lukenya karibu na Nairobi kuna miamba ya kujifunzia, Hell's Gate kule Naivasha pia. Jifunzeni kushuka kwa kamba gizani, mkiwa na njaa, mpaka mkono ufanye bila kuuliza kichwa. Mkishaweza, Januari ingieni Naro Moru na kiongozi wa mwamba, si kiongozi wa kutembea, maana hao ni watu wawili tofauti. Nendeni wawili wawili kila kamba. Andikeni saa ya kugeuza kwenye karatasi, mkiwa bado chini, kabla kilele hakijaanza kuwatongoza. Na mtu mmoja abaki kibandani akijua njia yenu na saa yenu. Getini mkijiandikisha kuingia, msisahau kujiandikisha kutoka.

Najua mtasema kaka kawa mzee, anatukatisha tamaa. Hapana. Nataka mwende. Nataka mniletee picha ya Nelion niiweke kwenye safu hii, wote wanne mkiwa na meno thelathini na mbili kila mmoja. Ila najua pia kwamba mama zenu hawakusoma ile fotokopi. Wao wanajua tu kwamba mmekwenda Kenya.

Niandikieni mkirudi. Na wewe msomaji unayetaka kwenda kokote mwaka huu, mlimani, baharini, hata ukweni, panga safari ya kurudi kwanza. Wiki ijayo tukijaaliwa tutaongea habari ya wenye nyumba wanaodai kodi ya mwaka mzima. Huo nao ni mlima!